Je, Asiyeweza Kujikaza Ana Kosa?

Katika miaka 39 ya ualimu kuna neno moja ambalo nimelitamka pengine mara nyingi kuliko jina la mwanafunzi yeyote. Neno hilo ni "jikaze". Nimewaambia watoto waliolia kwa maumivu ya jino, wachezaji waliofungwa mabao manne kabla ya mapumziko, walimu wapya waliotaka kurudi kwao baada ya usiku mmoja wa mbu wa delta, na wafiwa waliokuwa wakirudi makaburini. Aghalabu neno hilo lilifaa. Mtoto alinyamaza, timu ilirudi uwanjani, mwalimu alinunua chandarua. Lakini iko mara moja ambayo halikufaa, na kwa muda mrefu sikutambua kwamba halikufaa. Nililitambua nikiwa mzee, baada ya binti yangu kutibiwa kwa sumaku huko Uingereza. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: je, mtu asiyeweza kujikaza ana kosa?

Nianze na kisa chenyewe. Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi katika delta ya Rufiji. Asiyeifahamu delta hiyo na aelewe kwamba mto Rufiji ukikaribia bahari hugawanyika mikono mingi, na katikati ya mikono hiyo kuna misitu ya mikoko iliyo mikubwa kuliko yote katika pwani ya Afrika Mashariki. Safari zetu zilikuwa za mitumbwi na majahazi, nazo zilipangwa kwa kujaa na kupwa kwa maji, si kwa saa ya ukutani. Mwalimu aliyetoka bara na kupangiwa kazi huko alijiona kama mtu aliyetupwa nje ya dunia.

Mmoja wa walimu hao alikuwa kijana wa miaka 23 hivi, mwalimu wa Hesabu. Sitamtaja jina. Mwaka wake wa kwanza alifanya kazi ambayo sijaiona tena. Alifundisha sehemu kwa kibaba na pishi: aliazima pishi ya mpunga kwa jirani, akawaita watoto mbele wapime wenyewe, na watoto waliokuwa wakiogopa hesabu za robo na nusu wakaanza kuzipenda. Jioni niliwasikia wakichezea hesabu hizo njiani kurudi nyumbani.

Mwaka wa pili akabadilika. Hakufiwa, hakuachwa na mchumba, hakudaiwa na mtu. Alianza kunyamaza. Akaacha kula na wenzake. Usiku majirani walimwona amekaa barazani hadi alfajiri, na asubuhi kengele ililia akiwa bado kitandani. Siku nyingine aliingia darasani, akashika chaki, akasimama mbele ya ubao bila kuandika kitu. Watoto nao walikaa kimya wakimtazama, kwa kuwa walimpenda.

Nilimwita ofisini. Mazungumzo yetu nayakumbuka kwa kuwa yalikuwa mafupi.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Mwalimu, una tatizo gani?"

"Sijui, Mkuu. Kila kitu kimekuwa kizito."

"Unaumwa?"

"Siwezi kusema naumwa mahali fulani."

"Basi jikaze. Wewe ni mwanamume, na watoto wanakutegemea."

"Ndiyo, Mkuu."

Alisema "ndiyo" kwa adabu, akatoka. Wiki mbili baadaye nilimwandikia barua ya onyo. Baada ya mwezi nikamwandikia ya pili. Ya tatu niliipeleka kwa wakubwa wangu, na haukupita muda mrefu kijana akaondolewa kazini. Aliondoka na sanduku moja kwa mashua iliyokuwa inakwenda Nyamisati. Maji yalikuwa yanapwa, kwa hiyo nahodha alikuwa na haraka, nasi hatukuagana vizuri.

Siku ileile niliingia katika nyumba aliyokuwa akikaa ili nichukue mali ya shule. Mezani palikuwa na madaftari 43 ya darasa la sita, yamepangwa vizuri, na kalamu nyekundu juu yake. Nilifungua la kwanza. Zoezi lilikuwa na hesabu kumi. Hesabu ya kwanza ilikuwa na alama ya vema, tisa zilizobaki hazikuguswa. Nikafungua la pili: hesabu ya kwanza tu. La tatu, hivyo hivyo. Niliyapitia yote 43, na katika kila daftari alikuwa amesahihisha hesabu moja, kisha akaacha. Nilimwambia mlinzi aliyekuwa nami, "Tazama uvivu huu." Nikachukua madaftari matatu nikayaambatanisha na taarifa yangu kama ushahidi.

Yalikuwa ushahidi kweli. Ila niliusoma vibaya, na ilinichukua miaka karibu 40 kuusoma sawasawa.

Mwaka 2022 binti yangu, ambaye huko Uingereza anafanya kazi ya kuwahudumia wazee, alinipigia simu usiku. Kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa na ugonjwa ambao kwa Kiswahili cha hospitali unaitwa sonona. Mimi nilijua kwamba "ana mawazo", basi. Sikujua kwamba alikuwa amekwisha kujaribu dawa ya aina moja, halafu ya aina nyingine, pamoja na kuzungumza na washauri, na kwamba vyote havikumwinua. Sasa madaktari walitaka kumtibu kwa sumaku kichwani, naye alitaka baraka ya baba yake kwanza.

Nikamjibu kwa lile neno langu. "Mwanangu, huwezi kujikaza kidogo?"

Alinyamaza hata nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Baba, mtu hujikaza kwa kutumia nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimpa baraka yangu nikaenda kulala, lakini usingizi haukuja. Mtu mwenye mguu uliovunjika hujikaza kwa nia yake, akachechemea hadi zahanati. Mwenye njaa hujikaza kwa nia yake, akalima hadi jua litue. Lakini iwapo kilichougua ni ile nia yenyewe, ile nguvu ya ndani inayosema "inuka" na mwili ukainuka, mgonjwa atajikaza kwa kutumia nini? Tunamtaka anyanyue mzigo kwa mkono uleule uliovunjika.

Hapa yafaa nieleze sumaku hiyo inavyofanya kazi, maana nilipowasimulia wazee wenzangu hapa Kibiti baadhi yao walidhani ni mazingaombwe. La hasha. Kila aliyepanda baiskeli yenye dainamo ameiona kanuni yake. Gurudumu likizunguka, sumaku ndogo huzunguka karibu na nyaya zilizoviringwa, umeme huzaliwa na taa huwaka. Michael Faraday wa Uingereza aliionyesha kanuni hiyo mwaka 1831: sumaku ikibadilika karibu na kitu kinachopitisha umeme, umeme huzaliwa ndani ya kitu hicho. Sasa, mishipa ya fahamu iliyomo ubongoni nayo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Mwaka 1985, katika mji wa Sheffield, Anthony Barker na wenzake waliweka koili ya waya juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha humo umeme mkali kwa kufumba na kufumbua, na vidole vya mtu huyo vikacheza bila yeye kuvichezesha. Sumaku ilikuwa imepenya fuvu bila jeraha, ikazaa umeme mdogo ubongoni, na ubongo ukauamrisha mkono.

Kutoka hapo wengine wakauliza: kama sumaku inaweza kuamsha sehemu inayoongoza vidole, je, haiwezi kuamsha sehemu inayoongoza nia na moyo? Katika miaka ya 1990, daktari Mark George na wenzake huko Marekani walianza kuwatibu kwa njia hiyo watu wenye sonona sugu, wakielekeza koili upande wa kushoto wa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu mashine ya kwanza ya aina hiyo kutumika kwa wagonjwa ambao dawa haikuwasaidia. Uingereza nayo ilitoa mwongozo wa kuikubali tiba hiyo mwaka 2015.

Binti yangu alinieleza ilivyokuwa. Alikaa kitini, macho wazi, bila nusukaputi, amezibwa masikio kwa sababu mashine hugonga kwa kelele, na kichwani alihisi kama kigong'ota anadonoa mnazi. Nguvu ya sumaku hiyo ni zaidi ya mara 20,000 ya ile ya dunia inayogeuza sindano ya dira, lakini hudumu kitambo kidogo mno na haifiki mbali. Alikwenda siku tano kila juma kwa majuma sita. Wiki ya kwanza aliumwa kichwa. Alikuwa ameulizwa mapema kama ana chuma chochote kichwani au historia ya kifafa, kwa kuwa mara chache sana tiba hiyo huweza kuleta degedege.

Sitaki kumdanganya msomaji kwa kumfanya adhani kwamba dawa ya huzuni imepatikana. Katika utafiti mmoja mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2010, wagonjwa 190 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipata sumaku ya kweli, jingine likawekewa mashine ya bandia bila kujua. Waliopata sumaku ya kweli, kama 14 katika kila 100 walipona kabisa. Waliopata ya bandia, kama 5 katika kila 100. Tofauti ipo, lakini si muujiza. Katika zahanati za kawaida, ambako wengi huendelea pia na dawa, karibu nusu ya wagonjwa hupata nafuu kubwa. Binti yangu yumo katika nusu hiyo. Wiki ya tatu alianza kulala. Wiki ya tano alinipigia simu mchana, jambo ambalo hakulifanya kwa muda mrefu, akaniuliza kama mwaka ule mpunga umetoka vizuri. Hajapona kabisa. Bado anameza dawa, na zipo siku ngumu. Lakini alikuwa ameuliza habari za mpunga.

Siku hiyo nilipokata simu niliyakumbuka yale madaftari 43.

Kijana yule hakuwa mvivu. Mvivu angesahihisha madaftari matano kikamilifu akaacha 38, au asingeyagusa kabisa akaenda kuvua. Huyu alifungua kila daftari. Mara 43 alichukua kalamu, akaanza, akashindwa, akalifunga, akafungua jingine kwa matumaini kwamba hilo ataliweza. Kujikaza kuliko huko sijakuona kwa mwalimu mwingine yeyote. Nami nilikuchukua kuwa ushahidi dhidi yake.

Nikiwaeleza wenzangu haya, hunijibu kwa hoja mbili ambazo si za kudharauliwa.

Hoja ya kwanza: ikiwa nia ya mtu ni umeme ubongoni, basi hakuna tena mwema wala mwovu. Mwizi naye atasema ubongo wake ulimtuma. Hoja hii ilinisumbua, kwa kuwa mwalimu asiyeamini kwamba watoto wanaweza kuchagua hana kazi ya kufanya. Lakini naona inachanganya mambo. Mwizi hupata anachokitaka. Mwenye sonona hupoteza anachokipenda. Kijana yule alipenda kufundisha, naye alinyang'anywa hicho hicho. Tena, binti yangu alipopata nafuu hakusema kwamba sasa hahusiki na maisha yake. Alirudi kazini, akaomba radhi kwa rafiki aliyekuwa amemkimbia, akalipa madeni. Wajibu ulimrudia pamoja na afya. Kumwondolea mtu lawama akiwa mgonjwa si kumwondolea utu. Hata sheria za dini zimemwondolea mgonjwa saumu, naye hulipa akipona.

Hoja ya pili ni ya wasomi zaidi: kwamba sumaku kusaidia si thibitisho kwamba ugonjwa ulitoka ubongoni. Kweli kabisa. Kidonge kikituliza kichwa kilichoumwa kwa sababu ya mtoto mtukutu, hatusemi mtoto si mtukutu. Upweke, umaskini, kufiwa na kuonewa huweza kumwangusha mtu, na sumaku haiondoi hata kimoja. Kwa hiyo sidai kwamba sumaku imeeleza asili ya sonona. Nadai kidogo tu: imeonyesha kwamba nia ya mtu yaweza kuugua na kutibiwa kama kiungo kingine, na kwa hiyo kumwamuru aitumie kana kwamba ni nzima si haki.

Hapo ndipo fikira zangu ziliporudi nyuma, kwa wazee wetu, na nikaona jambo ambalo lilinitahayarisha.

Katika pwani yetu, mtu aliyepatwa na hali kama ile ya kijana yule alisemwa kuwa ana pepo. Walimpunga. Ndugu walikusanyika, ngoma ikapigwa, ubani ukafukizwa, mgonjwa akawekwa katikati, na kwa siku kadhaa hakuulizwa kwa nini hajalima. Mimi, mhitimu wa chuo cha ualimu, nilifundishwa kupinga mambo hayo, nami niliyapinga kwa bidii darasani na mikutanoni. Hata leo siwezi kumshauri mtu auze mbuzi wake kulipia ngoma huku zahanati ipo, maana nimeona familia zikifilisika na mgonjwa akichelewa. Hata hivyo, jambo moja wale wazee walilijua kuliko mimi. Walimlaumu pepo, hawakumlaumu mgonjwa. Kwao, yule aliyelala barazani na mwenyewe aliyekuwa akifundisha kwa pishi na kibaba walikuwa mtu mmoja aliyevamiwa, si mtu mwema aliyegeuka kuwa mvivu. Sisi tulioelimika tulimfukuza pepo, na katika nafasi yake hatukuweka ugonjwa. Tuliweka uvivu. Yaani mgonjwa tulimwacha na mzigo wote, tukamwongezea na lawama.

Wala si sisi walimu wa vijijini peke yetu tuliopotoka. Daktari J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Alidai kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika. Katika makala nyingine ya mwaka 1951 alifika hata kudai kwamba Mwafrika haitumii vya kutosha sehemu ya mbele ya ubongo, ile ile ambayo leo madaktari huielekezea sumaku ili kumrudishia mtu nia yake. Alichokuwa akikiona ni wale walioletwa hospitali kwa kuwa walisumbua watu. Aliyekaa kimya barazani kwake hakuletwa na mtu. Mwaka 1979 watafiti John Orley na John Wing walitangaza matokeo ya kazi yao katika vijiji viwili vya Uganda: walikuwa wamekwenda majumbani wenyewe, na wakakuta sonona ni nyingi zaidi kwa wanawake wa vijiji hivyo kuliko kwa wanawake wa kusini mwa London. Ugonjwa ulikuwapo siku zote. Daktari mmoja alisema hatuna akili ya kuupata, na mwalimu mkuu mmoja akasema ni uvivu. Sioni tofauti kubwa kati yetu.

Msomaji wa Kibiti ataniuliza: na huzuni zetu zenye sababu je? Swali zuri, na sisi ndio wenye haki ya kuliuliza. Kati ya 2015 na 2017, katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, watu wengi waliuawa, wakiwamo viongozi wa vijiji na askari. Siku moja tu, tarehe 13 Aprili 2017, polisi wanane waliuawa wilayani kwetu. Wapo waliobaki wajane na yatima. Mwaka 2024 mto ulifurika ukachukua mashamba na nyumba za watu bondeni na katika delta. Je, wote hawa wakalishwe kitini wapigwe sumaku hadi wasahau?

Hapana. Huzuni yenye sababu si ugonjwa, ni haki ya aliyepoteza. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf hadi macho yake yakawa meupe, na hakuna anayesema alikosa imani. Mila na dini zetu zimeipa huzuni hiyo njia ya kupitia: kuna matanga, kuna arobaini, kuna eda. Mfiwa huenda polepole, lakini huenda. Ni kama maji ya delta, hupwa kwa wakati wake ukaona tena tope na njia. Ninayemzungumzia ni yule ambaye maji yake yalijaa yasipwe tena, awe alianza na msiba au bila msiba. Huyo akiambiwa na kila anayepita "mshukuru Mungu, wenzio wamepoteza zaidi", huongezewa hatia juu ya huzuni. Na naogopa kwamba katika nyumba zetu za Kibiti wapo wanawake ambao tunasema wamesubiri vizuri, kumbe wamekwama, na kwa kuwa wamekaa kimya hatuwaendei.

Basi tufanye nini sisi tusio na sumaku? Jibu sikulipata kwa wenye mashine, nililipata Uganda. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, watu wenye sonona walikusanywa katika vikundi vidogo, wanawake kwao na wanaume kwao, wakakutana mara moja kwa juma kwa majuma 16. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa huko huko waliopewa mafunzo ya majuma mawili. Walizungumza juu ya misiba, ugomvi, na mabadiliko ya maisha, wakasaidiana kutafuta hatua ya kuchukua. Mwanzoni, katika vijiji vyenye vikundi, watu 86 katika kila 100 walioshiriki walikuwa na sonona. Mwishoni walibaki chini ya 7. Katika vijiji visivyokuwa na vikundi walipungua kutoka 94 hadi 55 hivi. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2003, nami nayapenda kwa sababu hakuna mwalimu mkuu anayeweza kusema kwamba kukaa na watu kwa saa moja na nusu ni ghali.

Sisemi kwamba mazungumzo yatoshe kila mtu. Binti yangu hayakumtosha. Wapo wanaohitaji dawa, na dawa za sonona si ngeni nchini. Wapo wanaohitaji kulazwa, na hospitali ya Mirembe huko Dodoma ipo tangu miaka ya 1920, ingawa kizazi chetu kililifanya jina lake kuwa tusi. Na ipo siku, naomba, ambapo kiti chenye koili kitafika karibu na mtoto wa mvuvi kama kilivyo karibu na binti yangu. Lakini kabla ya vyote hivyo kuna hatua isiyohitaji fedha, nayo ni kuacha kumhesabia mtu kosa lisilokuwa lake. Mwenye kulaumiwa hujificha, na aliyejificha hatibiwi hata kama dawa ipo mlango wa pili.

Ningepewa tena ule mwaka 1984, nisingekuwa na sumaku wala dawa. Ningekuwa na mambo manne tu. Ningempunguzia vipindi badala ya kumwandikia barua. Ningemwambia mke wangu ampelekee chakula, na mimi nikae naye barazani hata kama hazungumzi. Ningemsindikiza mwenyewe hospitali kwa mashua. Na ningewaandikia wazazi wake huko bara, kwamba kijana wenu ni mwalimu hodari, ameugua, njooni mmwone. Yote haya yalikuwa ndani ya uwezo wangu. Sikuyafanya kwa kuwa nilikwisha kuamua kwamba ana kosa.

Nimejaribu kumtafuta kupitia walimu wenzangu wastaafu. Hakuna aliyejua alikokwenda baada ya Nyamisati. Kama yu hai amepita miaka 60. Sijui kama kitabu kidogo kama hiki kinaweza kumfikia, lakini nakiandika kana kwamba kitamfikia. Mwalimu, yale madaftari niliyaona yote 43. Naomba unisamehe.